Mgeni kaniuliza kura yetu, nikamwonesha twiga

Muulize Bibi Redio: maswali ya wasomaji wa Arusha na Moshi

Toleo hili nina barua tatu, na ya kwanza imenikalisha. Nyie wenye maswali ya pasipoti na visa mnivumilie, zamu yenu inakuja.

*Shikamoo Bibi Redio. Mimi ni dereva wa watalii, nakaa Sakina. Majuzi nilikuwa na wageni kutoka Poland, tunarudi kutoka Tarangire. Mzee mmoja akaniuliza kwa nini Tanzania ilijizuia kupiga kura Umoja wa Mataifa Urusi ilipoivamia Ukraine. Sikujua hata kama tulikuwa na kura. Nikamwonesha twiga. Akapiga picha, lakini nikaona kabisa amenishusha daraja. Wenzangu kijiweni wanasema hayo ni mambo ya wizara, sisi kazi yetu ni simba na tembo. Hivi kweli mimi kujua au kutojua mambo ya dunia kunaiongezea nchi nini huko nje? Dereva, Sakina.*

Marahaba, chalii wangu.

Twiga alikuokoa, ila swali la mgeni bado liko palepale, tuanze nalo. Poland inapakana na Ukraine, na mamilioni ya wakimbizi walivuka mpaka huo. Mzee yule hakuwa anakutega. Alikuwa anauliza jambo la mlangoni kwake.

Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa pale New York lilipiga kura ya kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine. Nchi 141 zilisema ndiyo, 5 zikasema hapana, 35 zikajizuia. Sisi tulikuwa kwenye hizo 35, pamoja na Uganda, Burundi, Sudan Kusini, Afrika Kusini, India na China. Kenya na Rwanda walisema ndiyo. Siku chache kabla ya hapo balozi wa Kenya, Martin Kimani, alikuwa ameshazungumza kwenye Baraza la Usalama, akakumbusha kwamba Waafrika nao walirithi mipaka iliyochorwa na wakoloni, ndugu wakabaki pande mbili, na bado wakachagua kuishi nayo kuliko kuipigania. Ile hotuba ilizunguka dunia nzima. Kwa hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao yake hapa kwetu Arusha iligawanyika kwenye kura moja, na mjini nilichosikia watu wakizungumzia miezi ile ni bei ya mafuta.

Ungeweza kumjibu mgeni bila kusema uongo: tangu enzi za Mwalimu nchi yetu imejiita isiyofungamana na upande wowote, na wakubwa wakipigana huwa inasema wazungumze. Pengine angekurudi: mbona Mwalimu hakukaa katikati kwa Smith, kiongozi wa walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), wala Amin wa Uganda alipoingia Kagera? Hapo maongezi yangenoga mpaka mnafika Makuyuni, na huenda bahasha ya mwisho wa safari nayo ingenona, ingawa hilo sikuahidi. Mimi binafsi sina ugomvi na kujizuia. Nchi ndogo ina haki ya kutojitosa kwenye kila moto. Ninachotaka ni sababu zielezwe kwetu kwa kirefu, kwa Kiswahili, redioni, saa ambayo watu wako nyumbani.

Sasa swali lako lenyewe, kujua kwako kunaongeza nini.

Balozi akikaa mezani, wenzake hawaangalii suti yake. Wanajiuliza: huyu akikubali, kwao watamfuata? Akikataa, amekataa yeye au wamekataa wenye nchi? Na jibu wanalo kabla hawajaketi, maana balozi zao zilizoko Dar es Salaam kazi yake mojawapo ni hiyo, kusoma magazeti yetu, kusikiliza redio zetu, na siku hizi kuchungulia tunachobishania mitandaoni, kisha kuandika taarifa makwao. Nchi ambayo raia wake hawafuatilii huandikwa hivyo hivyo: malizana na wakubwa wachache, wengine watasikia mambo yakishaisha. Balozi wa nchi ya namna hiyo hata awe hodari vipi, anasukumwa. Hana wa kumsingizia.

Mfano tunao hapahapa nyumbani. Mwaka 2004 kamati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipendekeza tuharakishe Shirikisho la kisiasa, nchi moja, rais mmoja, ifikapo 2013. Serikali zikakubaliana kwanza wananchi waulizwe. Kwetu Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Profesa Samuel Wangwe, ikazunguka nchi nzima, na mwaka 2007 ikaja na jibu: walio wengi Tanzania hawataki haraka hiyo. Kenya na Uganda walio wengi waliafiki. Watu wetu walitaja ardhi, wakataja ajira, wakarudia tena ardhi.

Miaka iliyofuata ndiyo ya majadiliano ya Soko la Pamoja la Jumuiya, na mimi nilikuwa mmoja wa waandishi waliokuwa wakisubiri nje ya vyumba vya mikutano, tumeketi chini kwenye zulia, vinasa sauti miguuni, chupa za chai zimeshapoa. Ilipofika zamu ya ardhi milango ilikuwa haifunguki. Wajumbe wetu hawakuwa wasemaji kuliko wenzao, na wengine ukiwasikiliza walikuwa wanachosha. Lakini kila mtu chumbani alijua kwamba nyuma yao kuna ripoti, na kwamba Mmeru wa Poli na Msukuma wa Bariadi wamesema jambo moja. Itifaki ilisainiwa hapa Arusha Novemba 2009, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2010. Fungua kifungu cha 15 usome mwenyewe: matumizi ya ardhi yatafuata sera na sheria za kila nchi. Bidhaa zivuke, watu wavuke, mitaji ivuke, ardhi ibaki mikononi mwa kila nchi.

Nisikudanganye kwamba hofu yote ile ilikuwa ya watu wenye taarifa. Nyingine ilikuwa maneno ya barazani tu. Pale Kaloleni kuna mzee aliyekuwa ameshaamini kwamba Mkenya mmoja amekwishaununua Mlima Meru wote na anasubiri tu hati. Pamoja na hayo, sauti ya wananchi ilikuwa nzito kwa sababu ilijulikana, iliandikwa, na wa upande wa pili waliisoma.

Wadenmark walifanya hivyohivyo kwa kura. Mwaka 1992 serikali yao ilishasaini mkataba wa Maastricht wa kuunda Umoja wa Ulaya. Wananchi wakaletewa waamue, na tarehe 2 Juni wakaukataa kwa asilimia 50.7, yaani kwa unywele. Ulaya nzima ikatikisika kwa nchi yenye watu wachache kuliko Kenya, tena mbali. Desemba ile ile wakapewa misamaha minne, ikiwemo ya kutolazimishwa sarafu ya pamoja, na Mei 1993 wakakubali. Mpaka leo Denmark wanatumia krona yao. Hakuna waziri ambaye angeyapata hayo kwa kuomba tu.

Na pale ambapo wananchi hawamo, hali huwa hivi. Jumuiya ya kwanza ilianzishwa mwaka 1967, ikafa 1977. Shirika la ndege, reli, posta, bandari, vyote vilikuwa vya pamoja, na makao makuu yalikuwa hapa. Februari 1977 mpaka wa Namanga ukafungwa, na haukufunguliwa rasmi mpaka mwaka 1983. Mjomba wangu alikuwa karani kwenye ofisi za Jumuiya, na ninavyokumbuka, mpaka wiki za mwisho mazungumzo ya nyumbani yalikuwa kwamba wakubwa wanagombana na watapatana. Hakuna mtu mtaani aliyefikiri ana la kusema. Mkataba mpya uliosainiwa hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 umelitaja hilo kwenye utangulizi wake, ambako sababu za kifo cha ile ya kwanza zimeorodheshwa: utashi mdogo wa kisiasa, faida kugawanywa bila uwiano, na kutoshiriki kwa nguvu kwa sekta binafsi na asasi za kiraia. Wanasheria hawana kawaida ya kuandika majuto kwenye mikataba. Wale waliandika.

(Jengo la sasa la makao makuu, lile lililofunguliwa mwaka 2012, limejengwa kwa msaada wa Ujerumani. Nyumba ya Waafrika Mashariki, hela ya Mjerumani. Tuliache hilo, barua ni ndefu.)

Wazee wenzangu watasema mbona enzi zetu mkulima asiyejua kusoma alikuwa anajua mambo ya dunia. Ni kweli. Baba yangu alikuwa Old Moshi, redio yake ya betri ilikaa juu ya kabati na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Alimjua Smith, alimjua Salazar wa Ureno, alimjua Vorster wa Afrika Kusini, na aliwataja kwa hasira ya mtu aliyeibiwa migomba. Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia, Novemba 1965, nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika ziliazimia kwamba Uingereza isipochukua hatua, zivunje nayo uhusiano. Nyingi zilisahau azimio. Tanzania ilivunja tarehe 15 Desemba, na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukaota mbawa. Mwaka huohuo Ujerumani Magharibi ilikuwa imeondoa msaada wa kijeshi kwa sababu ya uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki, na Mwalimu akawaambia wachukue na uliobaki. Nchi maskini inayojinyima namna hiyo mbele ya watu wake, na watu wake wakaelewa kwa nini wanafunga mkanda, ikisema neno Addis Ababa au New York inasikilizwa kuliko pato lake. Ndiyo maana Kamati ya Ukombozi ya Afrika, ile iliyosaidia wapigania uhuru, ilikaa Dar es Salaam. Ndiyo maana mwaka 1971 China ilipoingia Umoja wa Mataifa, kijana wetu Salim Ahmed Salim alikuwa katikati ya shangwe, na mwaka 1981 akagombea ukatibu mkuu mpaka Marekani ikamzuia kwa kura ya turufu.

Ila nami niliifanya kazi ya redio, naijua ladha yake. Enzi ile redio ilikuwa moja na chama kimoja. Tulijua ya Salisbury (Harare ya leo) kuliko ya wilaya jirani. Baba alijua kila alichofanya Smith, ila alichofanya mkuu wake wa wilaya alikisikia kwa kunong'onezwa. Sitaki turudi huko hata kama nchi ilikuwa inaheshimika.

Siku hizi matatizo yapo upande mwingine. Kijiwe chako, nina hakika, kina picha za kila kombora lililoanguka Gaza na Kyiv, zimeingia kwenye simu kabla ya chai. Mnajua dunia inavyoungua. Msichokijua ni Tanzania ilisema nini. Hivyo ni vitu viwili, na kinachompa balozi wetu nguvu ni hicho cha pili.

Nikupe mfano mmoja unaoupita kila unapokwenda Manyara. Pale kwenye majengo ya TANAPA, barabara ya Dodoma, kuna bendera za Umoja wa Afrika. Hiyo ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Imekuwa Arusha tangu 2007. Mwaka 2010 Tanzania iliweka tamko kwamba raia na asasi zinaweza kwenda pale moja kwa moja kuishtaki serikali, na watu wetu wakalitumia kuliko nchi nyingine yoyote. Novemba 2019 serikali ikaliondoa tamko hilo. Rwanda ilikuwa imeondoa lake mwaka 2016, na mwaka 2020 Benin na Côte d'Ivoire nao wakafuata. Kwa hiyo leo mtu wa Burkina Faso anaweza kuja na kesi yake mpaka mlangoni pale, na wewe unayekaa kilomita chache kutoka hapo huwezi. Serikali ilikuwa na sababu zake, nami nina maoni yangu, na safu hii si mahakama. Ila huko nje lilizungumzwa sana: mwenyeji wa mahakama amejiondoa kwenye mahakama anayoihifadhi. Wanadiplomasia walilisoma, mashirika yalilisoma, wasomi wakaandika. Mjini hapa nilimuuliza mwenye duka jirani, akaniuliza mahakama ipi.

Ilikuwa hivyohivyo kwa mahakama ya Rwanda, ile ya Umoja wa Mataifa iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya 1994. Ilikaa kwenye jengo la mikutano la AICC, ikafungwa tarehe 31 Desemba 2015. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza ubakaji kuhesabiwa kuwa sehemu ya mauaji hayo. Wanafunzi wa sheria duniani kote wanaisoma hukumu hiyo na juu yake kuna jina la Arusha. Nilikuwa nakaa kwenye viti vya wasikilizaji, nyuma ya kioo, vifaa vya kusikilizia masikioni. Wageni walijaa. Wenyeji tulikuwa tunahesabika. Wenye nyumba za kupangisha Njiro walijua umuhimu wa mahakama kuliko walimu wa uraia.

Unataka ufanye nini? Sikutumi usome mikataba usiku. Ukisikia waziri wa mambo ya nje amekwenda mahali, uliza amekwenda kusaini nini na lini Bunge litakijadili. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulitaka Afrika Mashariki isaini mkataba wa ubia wa kiuchumi, ule wa EPA. Kenya na Rwanda wakasaini Septemba. Kwetu wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuchambua, Rais mstaafu Mkapa akaandika kuupinga, Bunge likaujadili Novemba na kushauri serikali isisaini. Unaweza kusema tulikosea, Wakenya wengi wanasema hivyo, maana maua yao yanahitaji lile soko. Lakini wakubwa wa Umoja wa Ulaya huko Brussels walipouliza Tanzania ina shida gani, shida ilikuwa imeshaandikwa na kusemwa hadharani, na haikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Vikao vya Bunge la Afrika Mashariki na kesi za Mahakama ya Afrika Mashariki zinasikilizwa hadharani hapa mjini. Msimu wa mvua wageni wakiwa hawapo, vaa shati la kola, chukua kitambulisho, ingia ukae. Kiyoyozi ni cha bure.

Na mgeni akikuuliza tena, mjibu unachokijua, kisha muulize nchi yake ilipigaje kura kwenye jambo linalotuhusu sisi. Hapo utaona na yeye anatafuta twiga.

*Mama, shikamoo. Niko Kibosho, nina kihamba nilichoachiwa na baba. Vijana wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, walikuja na simu wanapima mashamba ya kahawa, wanasema Ulaya wanataka. Jirani yangu mzee kawafukuza na panga, anasema Wazungu wanarudi kuchukua ardhi kwa mlango wa nyuma. Nani mkweli? Mkulima, Kibosho.*

Marahaba baba. Mpe pole jirani, na panga lirudi ndani.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayohusu kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, mbao na ng'ombe. Mzigo ukifika kwao uwe na uthibitisho kwamba haukutoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kwa hiyo lazima shamba lijulikane liko wapi kwenye ramani. Lililo chini ya hekta 4 linahitaji nukta moja tu, kubwa zaidi ndilo linachorewa mipaka. Vihamba vyetu, kahawa chini ya migomba toka kwa babu, ni nukta moja. Haihamishi umiliki wa mtu yeyote. Utekelezaji wake umesogezwa mbele zaidi ya mara moja, baada ya nchi zinazouza kulalamika, na wafanyabiashara wa hukohuko Ulaya nao kulalamika.

Hata hivyo mzee hakukosa sababu ya kuuliza. AMCOS iwaeleze taarifa hizo zinahifadhiwa na nani, nani mwingine ataziona, na gharama ya kupima inalipwa na nani. Hayo yaulizwe kwenye mkutano mkuu yaingie kwenye muhtasari. Ofisa wetu akienda Brussels kusema wakulima wana mashaka, asitoe mashaka ya kubuni, awe na muhtasari wa Kibosho mkononi.

Mwenye umri wangu anakumbuka Julai 1989. Kulikuwa na makubaliano ya kimataifa ya kahawa, kila nchi na kiasi chake cha kuuza, bei ikashikiliwa. Wauzaji na wanunuzi wakashindwa kuelewana London, mgawo ukavunjika, na katika miezi michache bei ya dunia ikaporomoka kwa karibu nusu. Huku mlimani watu walijua walipofika kwenye mizani ya chama. Kuna waliong'oa kahawa wakapanda nyanya wakilaani chama cha ushirika, na chama hakikuwa na uwezo wowote juu ya kilichotokea London. Safari hii angalau mmesikia kabla.

*Bibi Redio, naitwa mama wa vitunguu, nafanya biashara Namanga, natoa mzigo Mang'ola napeleka Kajiado. Kwenye simu Watanzania na Wakenya wanatukanana kila kukitokea jambo. Mwanangu wa kiume naye yumo anatukana. Je, matusi hayo yanaweza kuharibu uhusiano wa nchi, au ni utani tu?*

Mama, mengi ni utani, na mwanao acha acheke. Kinachoharibu ni pale serikali zinapoanza kufanya maamuzi zikiangalia makofi ya mitandaoni. Mwishoni mwa Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya viliteketezwa kwa moto hapo Namanga, kwa hoja ya kuzuia magonjwa. Sheria ilikuwepo. Picha ndizo zilizosafiri, na huko nje hakuna aliyesoma sheria. Machi 2021 Kenya nayo ikazuia mahindi yetu kwa hoja ya sumukuvu, siku chache baadaye ikalegeza kwa masharti. Huku mitandaoni kila upande ulikuwa umeshashinda. Kwenye mpaka malori yalikuwa yamesimama. Mei mwaka huo Rais Samia alikwenda Nairobi, akahutubia Bunge lao, na mambo mengi ya namna hiyo yakaanza kuondolewa mezani moja moja.

Sasa la kwako. Mzigo wako ukiwa hauzidi dola 2,000 za Marekani kwa thamani, umezalishwa ndani ya Jumuiya na umo kwenye orodha iliyokubaliwa, unastahili cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinatolewa hapohapo mpakani, na hulipi ushuru wa forodha. Ada nyingine ndogondogo na ukaguzi wa afya ya mimea vipo, usije ukasema Bibi kaniambia ni bure kabisa. Mtu akikuambia bila dalali mzigo hauvuki, mwombe akutajie kifungu cha sheria. Ukinyimwa cheti, andika tarehe, saa, na sababu uliyopewa, upeleke kwenye dawati la wafanyabiashara wadogo na chama chenu. Malalamiko yenye tarehe ndiyo yanayofika kwenye vikao vya vikwazo vya biashara vya nchi hizi mbili. Yale ya mwanao yanaishia kwenye simu ya Mkenya aliyelala.